Penseli za Jicho la Pili

Watu husema macho hayana pazia. Yangu yanalo, tena nilizaliwa nalo. Sioni rangi. Sisemi kwamba nachanganya nyekundu na kijani kama wengine wanavyochanganya. Sioni hata moja. Naona mwanga, naona giza, naona yaliyo katikati, basi. Jua la mchana linanichoma macho mpaka yanatiririka machozi, kwa hiyo nyumbani mapazia hufungwa, nje navaa miwani ya jua na kofia, na nikichora pua inakaribia kugusa karatasi. Mtaani wananiita Popo. Wanadhani ni maringo ya wasanii.

Na kazi yangu ni kuchora sura za watu kwa penseli za rangi. Cheka ukitaka, mke wangu alicheka kabla yako.

Nilimkuta posta, dirishani, akigonga mihuri. Nikajitia ujanja, nikamsifia gauni lake la buluu. Akaniambia gauni lenyewe ni la rangi ya machungwa, tena la kuwaka, na mkubwa wake wa kazi ameshamwonya kuhusu hilo gauni. Nikacheka kana kwamba nilikuwa natania. Alipotoka kazini akanifuata nje, akaokota jani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na hili je, rangi gani?" Nikajibu kijani, maana majani ni kijani, hilo nilifundishwa shuleni. Lilikuwa jani lililokauka kitambo. Hakunifedhehesha mbele ya watu, na tangu siku hiyo hakumwambia mtu yeyote, hata mama yake mzazi. Siku zile nilikuwa nachora kwa penseli ya kawaida, na wateja walikuwa wa kuhesabu. Yeye ndiye aliyesema tuingie kwenye rangi. Yeye ndiye aliyesema pia tufunge midomo. "Kinyozi asiye na mikono," alisema, "atampata mteja gani?"

Tukatengeneza ubao. Seremala wa jirani aliutoboa matundu mistari mitatu, na kila mara kabla sijaanza kazi mke wangu alimtazama mteja vizuri, kisha akapanga penseli kwenye matundu: za mwanga mstari wa juu, za ngozi yenyewe mstari wa kati, za kivuli chini. Mimi nilichora kwa matundu. "Shavu, anza na la pili juu, halafu la nne kati, usikandamize." Mkono ulikuwa wangu na macho yalikuwa yake. Sahihi chini ya picha ilikuwa ya mtu mmoja, mimi, na hakuwahi kulalamika.

Kisha ukaja ukumbi wa maonyesho. Mkuu wa ukumbi alikuja nyumbani mwenyewe, mwanamke mwembamba, sauti kavu, hakai mpaka ameombwa mara mbili. Alikuwa ameona picha yetu moja kwenye ofisi ya mwanasheria fulani. Akasema anataka picha moja kubwa, mpya, ya msimu mzima wa maonyesho. Akataja masharti akiwa amesimama.

"Itakaa chini ya taa kali miezi. Rangi ikichuja, nitaitoa ukutani. Karatasi ikigeuka rangi, nitaitoa pia. Sitaki vitu vya kuchorea watoto wa chekechea."

"Hapana, mama, sisi hatuchorei vitu hivyo," mke wangu akajibu, na miguu yake chini ya meza ilikuwa inacheza yenyewe kwa furaha. Mgeni alipoondoka nikamuuliza tumchore nani. "Mimi hapa," alisema. "Miaka yote nawapanga watu wengine kwenye ubao. Safari hii nijipange mwenyewe."

Muuza vifaa vya kuchorea tunamwita Raba kwa sababu ya kichwa chake, ambacho hakijaota unywele tangu tumjue. Siku tuliyokwenda kununua vifaa vya ile picha aliweka juu ya kaunta boksi kubwa la bati, akalifungua kwa madaha.

"Humu, shemeji, mna rangi zote za dunia."

"Na nusu yake zitakimbia jua kama huyu hapa," mke wangu akasema, akaninyooshea kidole. "Nitolee mojamoja. Boksi wauzie wanaonunulia wajukuu."

Akaanza. Alikuwa na kipande cha karatasi mfukoni, akawa anaijaribu kila penseli: anaweka tabaka, anaweka jingine juu yake, anasugua kwa kidole, anasogea mlangoni kwenye mwanga. Zile laini zenye nta nyingi alizikubali chache tu. Zinateleza vizuri, alisema, lakini ukizipandisha juu ya kivuli kizito, baada ya wiki chache picha inaota ukungu mweupe, inaonekana mtu amepakwa unga. Zenye mafuta ni ngumu kidogo, zinataka subira, ila zikishakaa zimekaa. Waridi zote alizitilia shaka. Nyumbani tulikuwa na vipande vya majaribio alivyovibandika dirishani tangu mwaka uliotangulia, nusu vimefunikwa kwa kadibodi, nusu vinapigwa na jua, na kila waridi ya bei rahisi ilikuwa imeshatoweka upande wa jua. Alimwambia Raba hivyo, Raba akaapa kwamba hizi mpya si zile. "Basi ziapie wewe, mimi nitazibandika dirishani," alijibu. Akachagua mbili alizokwisha kuzijaribu, akaziacha zingine.

Karatasi nilichagua mimi, maana hilo ni la vidole. Nilitaka ya pamba, nzito, yenye mkwaruzo mdogo unaoshika rangi tabaka baada ya tabaka bila kuchoka. Raba alileta aina nne, nikazipapasa nikiwa nimefumba macho ili kumkoga. Mke wangu alinikanyaga mguu. Tulirudi nyumbani na furushi letu tukicheka barabara nzima, na mimi sijui kama nimewahi kuwa na furaha namna ile, kabla au baada.

Sasa nieleze namna ninavyochora, kwa sababu bila hilo mengine hayataeleweka. Wachoraji wengi huupaka uso wote tabaka moja jepesi, kisha wanarudi tena na tena. Mimi siwezi. Nikiinamia karatasi kwa karibu hivyo, naona sehemu ndogo tu, na mkono wangu wa kulia ukipita juu ya kazi iliyokwisha unaichafua. Kwa hiyo huanza kushoto nikienda kulia na kushuka chini, kipande kwa kipande, na kila kipande nakimaliza kabisa kabla sijahamia kingine. Nikikipita sirudi nyuma. Mke wangu alikuwa akisema nachora kama mtu anayesuka mkeka.

Akawa anakaa karibu na dirisha, amefungua pazia upana wa mkono, kioo kidogo kikiwa mapajani. Kila asubuhi alijitazama kwenye kioo, kisha akazipanga penseli upya kulingana na alivyojiona siku hiyo. Hata kama jana ilikuwa shavu na leo ni shavu, alijitazama tena. Nilimtania kwamba anapenda kujiangalia kuliko kuangaliwa. "Msema kweli mpenzi wa Mungu," alisema. "Penseli nazo zina haki ya kusema kweli."

Paji la uso, upande wa kushoto, likaisha. Nyusi ya kwanza ikaisha. Jicho la kwanza lilinichukua siku nyingi, kwa sababu alikuwa hatulii, ana habari za posta, ana habari za majirani, na kila nikimwambia atulie anakaza uso kama amepigwa picha ya kitambulisho mpaka nacheka mimi. Lile jicho ni zuri. Nasema hivyo bila haya. Mwanga nauelewa, na mwanga wa jicho lile niliupata.

Tulipofika puani akaanza kulalamika tumbo. Akasema ni vidonda vya tumbo, vile vya mama yake, amevirithi. Akawa anakula kidogo kuliko ndege. Mama yake akaja kukaa nasi, kumsaidia kazi za nyumbani, ndivyo nilivyoambiwa. Mama mkwe wangu ni mama mtulivu, mkono wake hauachi kazi, anakunja kanga hata zilizokwisha kukunjwa. Siku za mwanzo alikuwa ananiangalia sana. Nikipita mlangoni anakatiza maneno. Nikimtania mke wangu, "Amka bwana, sura yako inanisubiri," mama mkwe anageukia ukutani. Nikadhani hanipendi. Nilisema moyoni, mkwe ni mkwe, huwezi kumpendeza kila siku.

Asubuhi moja mke wangu alisema kuna penseli mbili zinakosekana, twende kwa Raba. Tulikwenda polepole, tukipumzika njiani. Dukani hakumtania Raba hata neno. Kulikuwa na kioo kimetundikwa kwenye nguzo, akasimama mbele yake muda mrefu akiwa ameshika penseli karibu na jicho, akairudisha, akashika nyingine. Raba, mtu ambaye mdomo wake haujui likizo, alikaa kimya kabisa. Akazifunga zile penseli mbili kwenye karatasi, akasema ni zawadi. Raba hajawahi kumpa binadamu hata kifutio. Nikamuuliza kwa kejeli kama ameokoka. Akaniangalia, kisha akajifanya anapanga brashi rafuni. Nilikasirika. Niliona ni dharau tu, na njiani nilimsema mpaka mke wangu akaniomba ninyamaze.

Kesho yake tukaanza jicho la pili.

"Mstari wa juu nimeubadilisha," aliniambia. "Tundu la kwanza na la pili. Na kati pia, la tatu."

"Kwa nini? Jicho la kwanza lilitoka vizuri."

"Mwanga umebadilika."

"Mwanga ni uleule. Kama kuna kitu nakijua, ni mwanga. Macho yatapishana."

"Yatapishana kidogo."

"Picha ya maonyesho, mke wangu! Mkuu wa ukumbi atasema nini, mwanamke mmoja macho ya watu wawili?"

"Wewe chora, Popo," alisema. Sauti ilikuwa ya upole mno, na mimi sikuupenda upole ule, kwa sababu ugomvi wetu ulikuwa na ladha yake na hapa aliuvunja. Nikanuna. Nikachora nikiwa nimenuna. Penseli ya tundu la kwanza ilikuwa na giza zaidi kidogo kuliko ile ya zamani, nyeupe ya jicho ikawa imeingia kivuli chembamba, nikadhani ni kivuli cha kope. Alikishika kioo usoni muda wote na hakusema habari za posta wala za majirani. Nilishukuru kwamba siku hiyo ametulia.

Baada ya hapo vikao vikawa vifupi. Shavu la pili, mdomo, kidevu. Kila siku anageuza kitu ubaoni, na mimi nikaacha kubisha. Ilibaki mkono. Tulikuwa tumekubaliana aegemeze shavu la kulia kwenye kiganja, vidole vimekunjuka, na kiganja kionekane. Nilikuwa nimeuchora kwa mistari tu, bila rangi, siku ambayo hakuweza kuinuka.

Alifariki hospitalini. Daktari alikuwa kijana mwenye uchovu. Aliniambia ni ini, na kwamba limeisha siku nyingi.

"Alisema ni vidonda vya tumbo," nilimwambia. "Hakukuwa na dalili nyingine."

Daktari aliniangalia kwa mshangao, akamwangalia mama mkwe, kisha akasema pole sana, baba. Nilikumbuka mtazamo ule baadaye. Wakati ule sikuwa na nafasi ya kufikiri, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameanguka na ilibidi nimshike. Tukazika. Watu wakaja, watu wakaondoka, sufuria za kuazima zikarudishwa kwa wenyewe. Mama mkwe akabaki. Alisema hawezi kurudi kwake akaniacha na nyumba yenye viatu vya mwanawe mlangoni.

Mkuu wa ukumbi akapiga simu. Alikuwa mwema kwa namna yake kavu. Alisema nafasi ukutani ipo, atanisubiri siku chache, na kama siwezi ataelewa.

Niliweza. Nilitaka kuweza. Nilitaka mke wangu asimame mahali penye taa, watu wamwone, mimi niliyemnyima sahihi miaka yote nimlipe hata hilo. Kilichobaki kilikuwa kiganja kimoja. Lakini ubao ulikuwa umekaa vile alivyouacha siku ya kidevu, na kiganja si kidevu, kiganja kina rangi zake, alinifundisha hivyo. Penseli nyingine zote zilikuwa kwenye kopo, na kwangu zote ni vijiti. Majina yameandikwa ubavuni, ndiyo, kwa herufi ndogo. Lakini kusoma jina la rangi hakukuambii kama ndiyo rangi ya kiganja cha mtu. Nilihitaji macho ya mtu aliyemjua.

Nikapiga moyo konde. Mama mkwe alikuwa jikoni anachambua mchele. Nikamletea kopo na ubao, nikaviweka mezani mbele yake.

"Mama, naomba unichagulie penseli za mkono wake. Kiganja. Wewe umemlea, unaijua rangi yake."

Hakushangaa kuombwa. Alidhani ni majonzi, kwamba siwezi kuzigusa peke yangu. Akasogeza sinia pembeni, akafuta mikono. Akachukua penseli moja, akaiangalia, akaishusha.

"Rangi yake ipi, mwanangu? Ile yake, au ile ya mwisho?"

"Ya mwisho ipi?"

"Ya mwisho," alisema, kana kwamba nimemuuliza jua ni lipi. "Ile njano."

Nilikaa. Sikuvuta kiti, nilikaa juu ya gunia la mkaa lililokuwa karibu na mlango. Niliuliza njano gani, na nilisikia sauti yangu ikiwa ndogo. Mama mkwe akanitazama kama alivyonitazama daktari.

"Macho yake, baba. Viganja. Mpaka chini ya ulimi. Tangu alipoanza kuumwa. Hukuona?"

"Sioni rangi, mama. Sijawahi kuiona hata moja. Yeye ndiye alikuwa ananichagulia."

Mama mkwe akaziba mdomo kwa kanga. Yale aliyoyasema baadaye aliyasema kwa vipandevipande, na mimi nayaweka hapa kwa mfululizo. Alisema walikwenda hospitali wawili, yeye na mwanawe, mwanzoni kabisa, na wakaambiwa hakuna la kufanya ila dawa za maumivu. Alisema mwanawe alimwambia, mume wangu anajua, ameona mwenyewe, ila hataki tulizungumze, mama, usimtoneshe. Kwa hiyo hakunitonesha. Majirani hawakunitonesha. Raba hakunitonesha. Kila mtu aliyeingia ndani ya nyumba ile aliona macho ya mke wangu, akaniona mimi nachekacheka naye, akaniheshimu, au akanidharau, akaenda zake.

"Mimi nilisema huyu mkwe wangu ama hana moyo," mama mkwe alisema, "ama ana moyo wa watu kumi. Nisamehe."

Nilimwambia hakuna cha kusamehe. Nikamshika mkono, nikampeleka chumba cha kazi pamoja na kopo na ubao, nikafungua pazia lote, nikafumba macho kwa sababu ya jua.

"Nisomee," nilisema. "Anza kushoto."

Alikuwa hajaiona picha ile. Hakuwahi kuingia mle, aliogopa kusumbua. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Huyu ni mwanangu," alisema. "Hapa kwenye paji. Huyu ni yeye kabisa, rangi yake ile ya kung'aa ya baba yake. Nyusi. Hili jicho, ee Mungu wangu, hili jicho jeupe namna hii. Anataka kucheka." Akasogea. "Hapa puani amepungua. Ngozi imefifia. Bado yeye." Nikamsikia akipiga hatua nyuma, na nikajua amefika. "Hili jicho la pili ni la njano."

"Njano kiasi gani?"

"Njano, baba. Kama alivyokuwa. Na shavu linakwenda hivyohivyo. Mdomo umekauka. Kidevuni hapa ni wiki yake ya mwisho, naiona. Mmemchora akifa."

Hapo nilielewa, na sitamani mtu yeyote aelewe kitu kwa namna ile. Mimi ninayesuka uso kama mkeka, kutoka kushoto kwenda kulia bila kurudi nyuma, nilikuwa nimesuka kifo cha mke wangu siku kwa siku, na yeye ndiye aliyekuwa akinipa ukindu. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu, lakini huyu hakuficha. Alidanganya kwa mdomo na akasema kweli kwa penseli, akijua kwamba mimi nasikia mdomo tu. Siku ya jicho la pili alikaa na kioo usoni akijitazama macho yanavyokufa, mbele yangu, hatua moja kutoka puani mwangu, na mimi nikanuna kwa sababu macho yatapishana. Nilimchukia. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli: kwa saa kadhaa nilimchukia mke wangu kuliko nilivyopata kumchukia mtu. Nilitaka kuagana naye. Mtu ana haki ya kuambiwa kwamba anaaga. Angeniambia ningeweka penseli chini na kumshika mkono wake ule, badala ya kumwambia ausogeze kidogo kushoto.

Nilizichomoa penseli zote kwenye ubao, moja moja, nikazileta puani na kusoma majina. Tundu la kwanza la juu: manjano hafifu. La pili: manjano ya udongo. Yalikuwa pale yameandikwa muda wote. Nikaikamata karatasi pembeni ili niichane, na mama mkwe akaushika mkono wangu. Ana nguvu, mama yule. Alinishika tu mpaka vidole vyangu vikalegea.

Tulikaa mpaka jua likahama dirishani. Kisha nikamwambia kiganja bado kinataka rangi, na mimi siwezi kuchagua, achague yeye. Yake nzuri au ya mwisho, sitauliza. Nilimaanisha. Nilifikiri labda ni heri nisijue, maana kujua kulikuwa kumeshanichosha.

Alichukua muda mrefu. Nilisikia penseli zikigongana kwenye kopo, nikamsikia akienda dirishani na kurudi, akizijaribu kwenye kipande cha karatasi kama mtu aliyeifanya kazi ile maisha yake yote. Akazipanga kwenye matundu. Nikachora. Vidole, mikunjo ya kiganja, pale kifundo kinapoingia kwenye mkono wa gauni. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha mwanawe. Nilipomaliza nikapuliza vumbi la rangi, na yeye akasema bila kuulizwa:

"Nimekupa ya mwisho. Mkono wangu ulikwenda kwenye ile yake nzuri, mara ya kwanza na mara ya pili. Ningekupa, ungeichora, watu wangemwona ana afya, na wewe usingejua. Lakini umeshadanganywa vya kutosha, mwanangu."

Nililia basi. Sikuwa nimelia makaburini, watu wakasema najikaza kisabuni. Nililia mle chumbani mbele ya mama mkwe wangu, jambo ambalo mila zote za adabu zinalikataa, na yeye alilia pia, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Mkuu wa ukumbi alipoiona picha aliisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea tena. Akauliza ni vifaa gani, nikamtajia: karatasi ya pamba, penseli za mafuta, chache za nta, waridi zilizojaribiwa juani. Akasema hilo linatosha. Kisha akasema hajapata kuona mchoraji aliyethubutu hivi, kumpitisha mtu kutoka uzima hadi ugonjwa ndani ya uso mmoja, na kwamba uamuzi wangu ule ni wa kishujaa. Nikamwambia sikuamua kitu. Nikavua miwani, nikamwambia habari za macho yangu, nikamwambia chini ya picha waandike majina mawili, na la mke wangu litangulie.

Sasa picha iko ukutani, chini ya taa zao kali, na rangi zote zimeshika. Mama mkwe anakwenda kila alasiri. Wamempa kiti. Watu wakisimama mbele ya picha wakinong'ona, yeye huinuka, na kwa kidole kisichogusa kioo anawasomea mwanawe kutoka kushoto, paji, nyusi, jicho hili ambalo linataka kucheka, pua. Mimi nasimama nyuma nikisikiliza, nimevaa miwani yangu. Kila akifika jicho la pili, natoka nje.